Mama wa magunia mawili hakwepi ushuru, anakwepa foleni

Kila msimu wa mavuno picha kutoka mpaka wa Uganda na Kenya ni ile ile. Magunia ya mahindi yamepangwa mbele ya ofisi, baiskeli zimelazwa chini, na kando yake wanawake watatu wanne wamejifunika leso nyuso. Maelezo yaliyo chini ya picha hayazidi neno moja: magendo.

Neno hilo lina historia nzito Uganda. Aliyekuwa mtu mzima katikati ya miaka ya 1970 anakumbuka kahawa iliyovushwa kwa tani kwenda Chepkube, upande wa Kenya, wakati bei ya dunia ilikuwa juu na serikali ya Kampala ilikuwa inawalipa wakulima karibu bure. Hayo yalikuwa magendo kweli, malori, bunduki na fedha za kigeni zilizoipotea nchi. Leo neno lile lile linabandikwa mama wa Busia, mji uliokaa juu ya mpaka huo, mwenye magunia mawili ya mahindi na trei sita za mayai, anayekatiza uchochoro wa mtaa wa Sofia kumfuata mteja ambaye nyumba yake anaiona kutoka kwake. Kabla ya mpaka kusogezwa Aprili 1902 mahali pa nyumba zote mbili palikuwa Uganda, lakini hilo tuliache.

Ubishi wenyewe uko hivi. Upande mmoja unasema: njia halali ipo, kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka utaratibu rahisi kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kitambulisho cha taifa kinatosha kuvukia tangu 2014, basi anayepita njia ya panya ana lake jambo. Upande wa pili unasema: huyu mama anatafuta riziki, mwacheni. Hoja ya pili inasemwa vibaya, kwa huruma tupu, na ndiyo maana hushindwa kila mara inapofika mezani kwa mtu mwenye kalamu. Haihitaji huruma. Ina hesabu, na hesabu yake haisikilizwi.

Tuanze na ushuru, maana wengi hudhani ndio unaokwepwa. Mahindi, maharage, karanga, mayai na dagaa vilivyotoka ndani ya nchi za Jumuiya havilipi ushuru wa forodha vikivuka kutoka nchi mwanachama kwenda nyingine. Mazao ambayo hayajasindikwa hayatozwi VAT Uganda wala Kenya. Kwa maneno mengine, mama akipita getini na magunia yake mawili, ushuru wa forodha anaodaiwa ni sifuri. Akipita Sofia, ushuru aliokwepa ni sifuri pia. Lakini sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 haiangalii hilo. Anayekutwa na bidhaa zilizopitishwa kinyume anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo, na mzigo wenyewe ukataifishwa. Ni adhabu iliyotungwa kwa ajili ya mwenye kontena.

Kama si ushuru, basi anakwepa nini?

Tumfuate getini hatua kwa hatua. Anayetoka Uganda hasimami tena upande wa Uganda. Chini ya mfumo wa kituo cha pamoja anavuka na kuhudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa pili. Kwanza ni uhamiaji na kitambulisho. Pili, forodha, ambako anajaza cheti rahisi cha asili ya bidhaa: jina lake, aina ya bidhaa, kiasi, thamani, kisha muhuri. Hadi hapo mambo ni mepesi kweli, na wanaousifu utaratibu huu wana haki ya kuusifu. Ugumu unaanzia hatua ya tatu. Mahindi yanataka cheti cha afya ya mimea kutoka kwa wakaguzi wa Wizara ya Kilimo. Tangu Machi 2021, Kenya ilipoyazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kisha ikayafungulia siku chache baadaye kwa masharti, yanataka pia cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka (aflatoxin), haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Mayai na kuku yanataka karatasi ya daktari wa mifugo. Siagi ya karanga iliyotiwa chupani nyumbani inataka alama ya ubora ya shirika la viwango, ambayo haipatikani bila ukaguzi wa mahali inapotengenezewa.

Kilichorahisishwa, basi, ni karatasi moja kati ya nne au tano, tena ile ambayo haikuwa na uzito mkubwa. Nyingine zimebaki vilevile zilivyotungwa kwa mwenye lori la tani 28.

Na hapa haitoshi kulaumu urasimu, kwa sababu karatasi hizi hazikuzuka bure. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, kati ya wagonjwa 317 waliothibitishwa au kushukiwa, wengi wao Makueni na Kitui. Walikula mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa mabichi. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu ya kutegemewa, na haimalizwi na kupikwa. Anayesema Kenya ilifunga mpaka mwaka 2021 kwa sababu ya kulinda wakulima wake tu huenda ana sehemu ya ukweli, lakini afisa wa afya wa Kitui hawezi kusahau mazishi ya 2004 kwa sababu ya undugu wa Jumuiya. Vivyo hivyo kuku: homa ya mafua ya ndege ilipoonekana Uganda Januari 2017, majirani walikuwa na kila sababu ya kusimamisha mayai na vifaranga. Njia ya panya haina mpimaji. Mzigo uliopita huko haujulikani umetoka shamba gani, na ukileta madhara hakuna wa kumfuata.

Kwa hiyo kipimo ni cha haki. Tatizo ni namna kinavyofanyika, na kwa nini kinamkandamiza mwenye kidogo.

Sumukuvu haisambai sawasawa kwenye gunia. Inakaa kwa mafungu: punje chache zilizooza pembeni, zilizolowa gunia liliposimama kwenye sakafu ya saruji bila mbao chini, zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Ndiyo maana mpimaji hachoti kiganja kimoja juu akamaliza. Anachoma gunia juu, katikati na chini, anafanya hivyo magunia mengi, anachanganya, anasaga, anagawa mafungu manne na kurudia mpaka apate kiasi kidogo kinachowakilisha shehena nzima. Kisha kipimo kinafanywa mara moja. Matokeo yake ni ya shehena. Iwe tani 28 au kilo 180, kipimo ni kimoja, na gharama ya kemikali, mashine na muda wa mpimaji haipungui kwa kuwa magunia ni mawili.

Mwenye lori anaigawa gharama hiyo kwa magunia 300 na zaidi. Mama anaigawa kwa mawili.

Tuiweke hesabu mezani. Tarakimu hizi ni za mfano tu, bei hubadilika kila wiki, lakini uwiano wake ndio wa kuangalia. Tuseme mama ananunua mahindi kwa shilingi 1,000 za Uganda kwa kilo, anayapakia upya kwenye gunia la kilo 90 kwa sababu ndilo linalotambulika Kenya (la kwetu huwa la 100, na asiyepakia upya huwapa wateja kilo 10 za bure), anauza ng'ambo kwa bei inayolingana na 1,150. Faida yake kabla ya gharama ni shilingi 13,500 kwa gunia, yaani 27,000 kwa mawili. Kwa njia ya panya anamlipa mwenye baiskeli 3,000 kwa kila gunia, na "chai" ya njiani 2,000 kwa kila gunia. Anabaki na 17,000. Kwa njia halali mbebaji anataka 4,000 kwa gunia kwa kuwa mzunguko ni mrefu. Hakuna chai, tuamini hivyo. Lakini vipimo, nakala, nauli ya kufuata saini na kadhalika vinakula 30,000 zisizopungua. Anatoka na hasara ya 11,000.

Tofauti kati ya njia mbili ni 28,000. Mtaji wake barabarani ni 180,000. Gawa: asilimia 15 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba ili njia ya panya iwe hasara kuliko geti, lazima anyang'anywe mzigo wote zaidi ya mara moja katika kila safari sita au saba. Na hapo hatujahesabu muda. Njia ya panya inachukua saa moja, kwa hiyo anaweza kwenda mara mbili kwa siku. Geti likimla nusu siku amepoteza safari ya pili na 17,000 zake. Ukiongeza hizo, tofauti inakuwa 45,000, na lazima akamatwe mara moja katika kila siku nne.

Hakuna doria inayoweza kufikia kiwango hicho, na ikifika, haitakuwa imemhamishia mama getini. Atakuwa amefilisika kabla ya mwezi kuisha. Anayepoteza 180,000 mara moja kwa wiki hana wiki ya pili.

Sasa geuza hesabu upande wa pili. Acha doria ilivyo, punguza zile 30,000 ziwe 4,000. Ukilinganisha safari kwa safari, getini anabaki na 15,000 dhidi ya 17,000 za njia ya panya. Tofauti ni 2,000 tu. Ikiwa kuna uwezekano wa kunyang'anywa hata mara moja katika safari 90, geti limeshinda. Wala hatujagusa usalama wake, ambao mwenyewe anautia kwenye hesabu hata kama haumo kwenye daftari. Uchochoroni hakuna risiti na hakuna shahidi. Anayemsimamisha anaweza kuwa afisa, anaweza kuwa kijana aliyevaa koti linalofanana na la afisa, na anachodai si pesa kila mara. Mwanamke aliyepita kwa siri hawezi kwenda kushtaki, kwa kuwa shtaka lake linaanza kwa kukiri kosa. Hili linajulikana na kila mtu mpakani na linaandikwa kwa nadra, labda kwa sababu halina tarakimu.

Ndiyo maana ile dola 2,000 inapotajwa kwenye warsha kama zawadi kwa wanawake, inafaa kuuliza zawadi ya nani. Kwa kiwango cha shilingi 3,700 kwa dola, 2,000 ni milioni 7.4. Mama mwenye magunia mawili ya mahindi anabeba 180,000, yaani dola 49 hivi. Amekaa mbali mno chini ya dari hiyo. Unaweza kuipandisha hadi dola 5,000 kesho asubuhi na yeye asijue kama kuna kilichobadilika, kwa sababu dari haikuwa inamgusa kichwa. Kinachomzuia kiko sakafuni: kiasi kidogo kabisa cha mzigo ambacho kikibeba gharama zisizopungua bado kinaacha faida. Kwa mfano wetu, faida halali kwa gunia baada ya mbebaji ni 9,500. Ili kulipa 30,000 tu, bila mama kubaki na hata senti ya chumvi, anahitaji magunia manne. Ili apate zile 34,000 anazozipata kwa safari zake mbili za panya, anahitaji magunia saba.

Saba. Hapo ndipo huja jibu la wapenda mikopo: basi wapewe mtaji wakue. Jibu si baya. Milioni 1 ya Mpango wa Maendeleo ya Parokia, mkopo wa serikali ya Uganda, kwa bei zetu za mfano, ni magunia kumi na moja. Lakini fedha hiyo imelengwa kwanza kwa uzalishaji, kuku, nguruwe, kahawa, na anayeitia kwenye uchuuzi anafanya kwa kujificha. Pia kukua kuna hatari ambayo mkopeshaji haioni. Mwenye magunia mawili akinyang'anywa amepoteza akiba ya mwezi. Mwenye saba amepoteza 630,000 ambazo si zake. Tena magunia saba hayauzwi asubuhi moja kwa gorogoro, mkebe wa kupimia. Yanauzwa kwa mwenye duka, na mwenye duka anataka mkopo wa wiki mbili.

Mkopo huo unalipwa kwa shilingi ya Kenya. Januari 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160. Shilingi ya Uganda haikuyumba hivyo. Matokeo yake, shilingi moja ya Kenya iliyokuwa ikibadilishwa kwa takribani 30 za Uganda ilishuka chini ya 24. Deni la shilingi 10,000 za Kenya lililokuwa na thamani ya 300,000 likawa halifiki 240,000, bila mdaiwa kukataa kulipa hata senti. Anayenunua kwa pesa ya huku na kuuza kwa pesa ya kule kwa faida ya asilimia 15 hana nafasi ya kusubiri. Wanaomwona mama wa Busia kama mtu asiye na mipango kwa kuwa anang'ang'ania mzigo mdogo na pesa taslimu siku hiyo hiyo, wangejaribu kubeba deni la shilingi ya Kenya mwaka ule.

Ipo hoja moja ya upande wa serikali ambayo watetezi wa wanawake hupenda kuiruka, na ndiyo nzito kuliko zote. Siyo kila mwanamke anayekatiza Sofia na gunia kichwani anabeba mali yake. Kuna mchele, sukari, mafuta ya kupikia na mitumba vinavyoshushwa kutoka lori moja, vikagawanywa migongo arobaini, vikavushwa kwa mafungu madogo madogo na kukusanywa tena ghala moja ng'ambo. Bidhaa hizi nyingi hazikutoka Jumuiya, kwa hiyo ushuru wake si sifuri. Mchele wa Asia unalipiwa pakubwa, mitumba inalipiwa asilimia 35 au zaidi, juu yake kuna VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 6 kwa mzigo unaoingia Uganda. Tajiri wa namna hii anamshinda bei mwenye duka aliyelipa kila kitu, na huyo mwenye duka naye mara nyingi ni mwanamke. Ukifungua mlango kwa kusema "wadogo wapite", umemfungulia yeye.

Hoja hiyo haina jibu la mkato. Lakini ina alama za kuitambua, na maafisa wa mpakani wanazijua. Mchuuzi wa kweli huwa na mzigo mchanganyiko: gunia la maharage, mkungu wa matoke, trei za mayai, na vyombo vyake vya kupimia. Mbebaji wa tajiri ana mfuko wa chapa ile ile aliyo nayo mwenzake wa mbele na wa nyuma, hajui bei ya kuuzia, na analipwa kwa safari. Kumkamata mbebaji hakumwumizi tajiri. Anapoteza mfuko mmoja kati ya arobaini. Kumkamata mchuuzi kunamaliza biashara yake. Msako usiotofautisha mahindi ya Busia na sukari iliyotoka ng'ambo ya bahari unampiga asiyedaiwa na kumkwaruza tu anayedaiwa. Kwa bidhaa zisizo za Jumuiya doria iendelee, na iwe kali, kwenye ghala zinakokusanywa.

Sasa, zile 30,000 zinashukaje hadi 4,000?

Njia iliyojaribiwa ni kuunganisha mizigo. Machi 2020, korona ilipofunga mpaka kwa watu na kuacha malori tu, wachuuzi wa mipakani walihimizwa kukusanya bidhaa zao pamoja na kuzivusha kwa gari moja. Wanawake ishirini wenye magunia mawili mawili wanapata magunia arobaini, tani 3.6, lori dogo moja, kipimo kimoja. Zile 30,000 zinagawanywa kwa ishirini, kila mmoja 1,500. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo huvunjika sehemu tatu.

Ya kwanza ni ile dari ya dola 2,000, ambayo sasa ghafla inagusa kichwa. Magunia arobaini ya mahindi kwa 1,000 ni milioni 3.6, bado yako chini. Lakini maharage kwa, tuseme, 3,500 kwa kilo yanavuka milioni 7.4 kwa magunia 24 tu. Mzigo uliojumuishwa chini ya jina moja ukivuka hapo, cheti rahisi hakifai tena. Unahitaji cheti cha kawaida na wakala wa forodha, na wakala ana bei yake. Kwa hiyo utaratibu uliotungwa kwa wadogo unawaadhibu wadogo pale wanaposhikana. Kama kuna kifungu kimoja cha kurekebisha, ni hiki: dari ihesabiwe kwa kila mwenye mzigo aliyeorodheshwa, si kwa gari. Hapo ndipo kupandisha au kutopandisha tarakimu kungekuwa na maana kwa mtu.

Ya pili ni muda. Lori la pamoja linaondoka likijaa. Mama wa mayai hawezi kusubiri mama wa maharage hadi saa nane mchana. Mayai yaliyokaa juani kwenye trei za karatasi yanatoa jasho, trei zinalegea, na safu ya chini ndiyo inayovunjika. Mizigo ya kuharibika na mizigo ya nafaka isiwekwe kundi moja, hata kama wenyewe ni majirani na chama chao cha akiba ni kimoja.

Ya tatu ndiyo inayovunja vikundi vingi: gunia moja likianguka kipimo, shehena yote imeanguka. Wanawake kumi na tisa waliokausha vizuri wanamlipia mmoja aliyenunua mahindi mabichi kwa haraka. Baada ya hapo hakuna kikundi, kuna ugomvi.

Hili linazuilika kwa kazi iliyofanywa kabla ya lori kufika. Kila gunia liandikwe alama ya mwenyewe kwa rangi, si kwa karatasi iliyofungwa kwa uzi. Kabla ya kupokelewa lipite mtihani wa chumvi: chupa ya kioo iliyokauka, mahindi yafike theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na gunia lirudi kwenye turubai. Isiposhika, unyevu uko chini ya 15, lakini kiwango cha Afrika Mashariki ni 13.5, kwa hiyo siku moja zaidi ya jua kali haipotei bure. Turubai, si ardhi tupu. Mbao chini ya magunia. Punje zilizovunjika na zenye ukungu zichambuliwe kwa mkono, kwa sababu humo ndimo sumu hukaa zaidi. Mtihani wa chumvi haupimi sumukuvu, unapima unyevu tu. Mahindi yaliyokwisha kuota ukungu na kukaushwa baadaye yatapita chumvi na kuanguka maabara. Hivyo wakati wa kuchoma magunia kwa ajili ya kipimo, kiganja cha kila gunia kiwekwe pia pembeni kwenye bahasha yenye alama ya mwenyewe. Mchanganyiko ukianguka, bahasha zinapimwa moja moja, lenye kosa linatolewa, mengine yanavuka.

Swali linabaki nani analipia vipimo hivyo vya pili. Kikundi hakiwezi, ndizo 30,000 zile zile zimerudi kwa mlango wa nyuma. Hapa serikali mbili zinazosema kipimo ni kwa ajili ya afya ya umma zinapaswa kukilipia kama jambo la afya ya umma, kwa mizigo ya wachuuzi walioorodheshwa, kwa mashine ndogo ya kupimia iliyowekwa pale pale getini. Gharama yake si kubwa ukiilinganisha na mafuta, posho na magari ya doria ya kuwakimbiza watu wasiodaiwa ushuru.

Na lazima waamue pia juu ya gunia lenyewe lililotolewa. Sasa hivi hakuna anayemfidia mwenye gunia lililoanguka, kwa hiyo halichomwi. Linauzwa nusu bei kwa mfugaji wa kuku mtaani, au linasubiri giza liingie, na uchochoro wake unajulikana.